Weka ngumi ubavuni, usikie tumbo la kondoo akila

Habari zenu wafugaji, leo niko Kayenze huku Mwanza, upepo wa ziwa umeamka mtanivumilia na kelele. Tunaangalia tumbo la kondoo linavyobadilisha mwendo akila, unahitaji mkono wako na simu yenye taima basi.

Kwanza mshike asubuhi kabla hajala, taratibu, usimkimbize maana akishtuka tumbo linapunguza kazi. Simama kushoto kwake, sio kulia, tumbo kubwa liko huku. Tafuta kale kabonde nyuma ya ubavu wa mwisho, bonyeza na ngumi kiasi, washa taima dakika mbili. Utasikia ngumi inanyanyuliwa halafu inashuka, hiyo hesabu moja. Akiwa katulia hivi inakuja kama mara 1 kwa dakika, andika.

Sasa mletee majani, mimi nampa matete na majani ya viazi, na mkono usiutoe! Sikia hiyo, hata hajashiba na tumbo limeshachanganya, linafika mara 2 kwa dakika au linapita kidogo, kule kutafuna tu kunaliamsha, na zile nyuzi za majani zinavyokwaruza ukuta wa ndani ndo zinazidi kulichochea.

Akimaliza muache alale acheue. Angalia shingo, utaona tonge linapanda, na kabla halijapanda tumbo linajikaza mara moja ya ziada, mimi hapa huwa sichoki kuangalia.

Utumbo mwembamba huwezi kuusikia kwa mkono, ila una wimbi lake linalosukuma kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili hivi. Sisi binadamu tukila wimbi hilo linakatika kwanza, kondoo halikatiki, kwa sababu tumbo kubwa linamtolea chakula kidogo kidogo mchana na usiku.

Sasa sikilizeni hapa. Kuna jike wangu aliingia stoo usiku akala mahindi yaliyoparazwa mpaka akatosheka, asubuhi naweka ngumi, kimya kabisa. Wanga mwingi wa ghafla unageuka asidi na asidi inalisimamisha tumbo, yule sikumuokoa. Kwa hiyo ukianza mahindi au pumba ongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili hivi, majani yatangulie, na siku ukikaa dakika mbili nzima hujasikia kitu, au ubavu wa kushoto umevimba kama ngoma, ondoa chakula chote cha nafaka umpigie bwana mifugo hapohapo, usingoje jioni.