Hali ya Hewa Inayowaleta Bata Ndiyo Inayoua Wawindaji

Mhadhara uliotolewa Moshi kwa waongoza watalii na wanafunzi wa uhifadhi wa wanyamapori

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Sogeeni mbele, viti vipo, sitaki kupaza sauti.

Waliowahi kunisikiliza wanajua nitakachosema, na leo nakirudia kwa sababu bado naona watu wanavaa kwa kuangalia jua la asubuhi. Hali ya hewa inayowaleta bata kwa wingi ndiyo hiyo hiyo inayomuua mwindaji. Bata wanasukumwa na upepo na baridi inayowafuata nyuma. Saa ambayo mwindaji anaona neema imemshukia ndiyo saa ya kukusanya vitu vyake na kutoka majini. Hatoki. Hapo ndipo watu wanapokufa, na hapo ndipo nitakapokaa leo.

Uwindaji wenyewe baadhi yenu mmeusikia kwa wageni mnaowapeleka porini, kwa hiyo nitaueleza kwa ufupi. Huko Marekani, jimbo la Maryland, pale mto Susquehanna unapoingia Ghuba ya Chesapeake, kuna maji mapana yenye kina kifupi. Mwindaji wa pale hajifichi kwenye matete. Anaingia majini mpaka kiunoni, pengine kifuani, amevaa suti isiyopenya maji, anasimama nyuma ya ubao uliokatwa umbo la batamaji au bata bukini, na bata wa bandia wanaelea kumzunguka, wengi sana. Upepo anaupa mgongo, maana bata hutua wakiukabili upepo, na katikati ya bata wake wa bandia anaacha uwazi ili wale wa kweli wapate pa kutua. Haya yote hufanyika majira ya baridi. Ufundi huu wa bata wa bandia ni wa kale mno. Mwaka 1924, katika pango la Lovelock huko Nevada, walipatikana bata 11 wa matete waliotengenezwa na wenyeji wa nchi ile yapata miaka 2,000 iliyopita. Ningeweza kuwazungumzia bata wale mpaka jioni. Lakini tazameni kitu kimoja tu: utaratibu wa hao wanaosimama majini ni kuwa na mashua yenye mtu ndani, imekaa mbali kidogo, inawatazama. Kazi yake ni kuokota ndege walioanguka na kumtoa mtu majini. Ukikuta mtu anakusimulia uwindaji huu na hakutaji ile mashua, amekusimulia nusu.

Sasa twende mwaka 1940. Tarehe 11 Novemba, Jumatatu, sikukuu ya kukumbuka kumalizika kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu hawana kazi siku hiyo. Kwenye mto Mississippi, mpakani mwa Minnesota na Wisconsin, wawindaji wameamka alfajiri na kukuta joto la zaidi ya nyuzi 10. Kwa Novemba ya kule hilo ni joto la kuvua koti. Wakavua. Wakapiga makasia kwenda kwenye visiwa vya mtoni na majaketi mepesi, wengine shati tu. Utabiri haukuwaambia kinachokuja.

Wakaja bata. Walionusurika walisimulia bata wengi kuliko walivyowahi kuona maishani, makundi kwa makundi, wakiruka chini chini, hata hawajali bunduki. Simameni hapo kidogo mfikiri. Ndege mwoga kama bata anapita juu ya bunduki na hajali. Anakimbia nini? Mwindaji aliyekaa miaka mingi mtoni alipaswa kuuliza hivyo, na wengi wao walikuwa wamekaa miaka mingi mtoni. Hawakuuliza. Walipakia marisau, zile punje ndogo za bunduki ya ndege, wakaendelea kupiga. Mvua ikaanza, ikageuka barafu, ikageuka theluji, na upepo wa kilomita 80 kwa saa ukainua mawimbi ambayo mtumbwi wa kuwindia bata hauwezi kuyavuka. Waliojaribu kuvuka, wapo waliozama. Waliobaki visiwani walikuwa wamelowa tayari, na usiku ukaingia joto likiwa limeshuka mbali chini ya sifuri. Baadhi ya walioiona asubuhi ni wale waliokataa kukaa chini: walirukaruka, walipigana ngumi za kupashana joto, usiku kucha.

Kesho yake rubani mmoja wa mji wa Winona, Max Conrad, alirusha kindege chake katika upepo ule ule. Aliwatafuta juu ya visiwa, akawadondoshea chakula na viberiti, akazunguka juu ya vichwa vyao ili waokoaji wa mashua wajue pa kwenda. Dhoruba ile iliua zaidi ya watu 140 katika majimbo kadhaa. Minnesota peke yake walikufa 49, na karibu nusu yao walikuwa wawindaji wa bata.

Karibu nusu, jamani! Wenyeji wa mto, siyo wageni. Baadaye lawama zilikwenda kwa watabiri. Utabiri wa eneo lile ulikuwa unatoka Chicago, na baada ya msiba ndipo zikawekwa zamu za saa 24 na ofisi zaidi za utabiri. Ni sawa, ilibidi. Lakini utabiri mwingine ulikuwa unapita juu ya vichwa vyao tangu kabla ya adhuhuri, una mabawa, nao wakaupiga risasi.

Kuna anayesema moyoni: mwalimu, sisi ni watu wa Moshi, theluji yetu iko kule juu tu, na kwenye bwawa letu la Nyumba ya Mungu kinachoua ni mamba na kiboko. Ni kweli, na ndiyo maana sitaki kusikia mtu amemsimamisha mgeni majini pale kwa ajili ya bata, awe na kibali au asiwe nacho. Lakini hiyo "kule juu tu" unayoipita haraka ndiko ninakokupeleka. Mpagazi wa Kilimanjaro anaanzia lango la Machame na fulana, jua linawaka. Msituni mvua inamlowesha mpaka mwilini. Siku ya tatu yuko juu ya mita 4,000, kwenye upepo, na nguo ile ile haijakauka. Nguo iliyolowa ni maji uliyoyavaa. Wapagazi wamekufa kwa baridi kwenye mlima huu tunaouona dirishani, na walikuwa na mama zao, walikuwa na watoto. Asubuhi ya langoni ilikuwa nzuri, kama ilivyokuwa nzuri asubuhi ya Mississippi. Kwa hiyo mtu asiniambie Minnesota ni mbali.

Maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya karibu mara 25 ya hewa yenye joto hilo hilo. Profesa Gordon Giesbrecht wa Kanada, ambaye amejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu ili aupime mwili wake, hufundisha kwa namba tatu: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza pumzi inavutwa kwa nguvu bila hiari yako, na kama kichwa kiko chini ya maji unavuta maji. Ukitulia ukaishinda hiyo, una kama dakika 10 za mikono inayokutii. Baada ya hapo vidole havishiki kamba, havifungui zipu, havijivuti kwenye mashua. Kuzimia kwa baridi yenyewe, joto la mwili likiwa limeshuka mbali chini ya nyuzi 35, huchukua muda mrefu zaidi, karibu saa nzima hata kwenye maji ya barafu. Maana yake wengi wanaosemwa "wameganda" walikufa zamani, kwa pumzi na kwa mikono. Aliyevaa jaketi la kuokolea maisha anaipata ile saa. Asiyelivaa haipati.

Na lile la suruali ndefu za mpira, kwamba zikijaa maji zinakuvuta chini mpaka mchanga! Nimelisikia mno. Maji yaliyo ndani ya suruali hayana uzito ukiwa bado ndani ya maji. Hayakuvuti popote. Yanakuelemea pale unapotaka kutoka, unapoinua mguu kupanda mashua au ukingo. Mtu anayeamini anavutwa chini anapapatika, na kupapatika ndiko kunakommaliza. Funga mkanda kiunoni juu ya suruali yako, maji yataingia kidogo. Ukianguka, lala chali, tulia, sogea taratibu kuelekea kwenye kina kifupi.

Pombe, jibu ni hapana. Najua mtaniambia mbege kidogo inapasha moto. Inapasha ngozi, kwa sababu inaitoa damu ya moto kutoka ndani na kuileta nje ipoe. Unahisi joto huku unalipoteza.

Mkimwona mtu anajikwaa, maneno yanamvurugika, anagombana bila sababu, msimwambie ajikaze. Mvueni nguo mbichi, mfunikeni kavu, mlazeni, msimsugue mikono wala miguu. Uji wa moto wenye sukari mpeni kama anameza vizuri. Aliyeacha kutetemeka huku bado ana baridi yuko pabaya kuliko anayetetemeka.

Nilikuwa na sehemu nzima juu ya marisau ya madini ya risasi na naona muda unanikimbia. Kwa kifupi: bata humeza changarawe za kusagia chakula kwenye firigisi, anameza na marisau yaliyolala chini ya maji, na yanamuua kwa sumu miezi mingi baada ya mwindaji kwenda zake. Marekani iliyapiga marufuku kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, Umoja wa Ulaya kwenye ardhioevu zake zote mwaka 2023. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa kuwalinda ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa mwaka 1995, na mkataba ule unataka marisau haya yaondoke kwenye ardhioevu. Nitarudi kwa hilo siku nyingine, linastahili siku yake.

Mwenye ukumbi ananionyesha saa. Anayepandisha watu wiki hii afungue mizigo ya wapagazi wake pale langoni, mmoja mmoja, aangalie kama kuna nguo kavu ya akiba ndani ya mfuko usiopenya maji. Kama haipo, safari isianze mpaka ipatikane, hata mgeni akinuna. Haya, maswali. Naanza na dada pale mlangoni.