Kwa Nini 5, Isiwe 2? Mhadhara kwa Wauguzi wa Kliniki ya Presha

Habari za asubuhi, wenzangu. Nianze kwa kuungama. Kwa miaka mingi nilijulikana kama nesi mkali, na sifa hiyo niliipenda. Mgonjwa akija presha imepanda, namgeuzia mashine: "Unaona hii? 170 kwa 100! Dawa humezi, chumvi huachi, unataka kupooza?" Naye ananijibu, "Nitajitahidi, sista." Mwezi ujao anarudi na 170 yake.

Hiyo "nitajitahidi" wote mnaijua. Ni neno la kutafutia mlango.

Kwenye ratiba yenu somo la leo limeandikwa "mahojiano ya kuhamasisha". Jina silipendi. Mahojiano yananikumbusha kituo cha polisi, kuhamasisha kunanikumbusha kampeni, na jambo lenyewe halifanani na kimojawapo. Ni namna ya kuzungumza na mgonjwa ili sababu za kubadilika azitaje yeye mwenyewe. Lilianzia kwa walevi. Mwanasaikolojia Mmarekani, William Miller, alikuwa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu vijana wa huko wakamwomba aigize anavyozungumza na mlevi. Wakawa wanamkatiza: kwa nini umeuliza hili, kwa nini lile umeliacha? Katika kuwajibu ndipo akaona kumbe ana utaratibu. Akauandika mwaka 1983, na kitabu alichokitunga na Stephen Rollnick kikatoka 1991.

Mgonjwa ana nia mbili kifuani: moja inataka kubadilika, nyingine inataka kubaki ilipo. Ukiidaka wewe ile ya kubadilika ukaanza kuitetea, yeye unamwachia ile nyingine. Ataitetea mpaka jasho limtoke, na atatoka mlangoni akiyaamini aliyoyasema mwenyewe.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, dereva wa daladala. Nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike. Miaka miwili faili lake linasomeka "hafuati matibabu". Siku hiyo nikamuuliza, "Kaka, hizi dawa na kazi yako zinaendaje?" Nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kuuliza. Akageuka kuangalia kama mlango umefungwa.

"Sista, kile kidonge cha asubuhi kinanikojoza. Natoka saa kumi na moja alfajiri, gari limejaa. Nisimame wapi?"

Nikamrudishia: "Kwa hiyo dawa huikatai, ila ukiimeza unaadhirika mbele ya abiria."

"Ndiyo hivyo." Mabega yakashuka.

Huko kumrudishia mtu maneno yake ndiko kunakotushinda wengi. Sisi tunarundika swali juu ya swali kama makarani wa sensa.

Kisha nikamuuliza, kuanzia 0 hadi 10, kuishusha presha hii kuna uzito gani kwake. Akasema 5. Yule nesi wa zamani ndani yangu alitaka kupiga kelele, 5 tu? Nikamuuliza, "Kwa nini 5, isiwe 2?" Angalieni swali limeelekea wapi. Ningemuuliza kwa nini si 10, angenihesabia sababu za kutomeza. Nilipomuuliza la 2, akanisimulia kaka yake aliyepigwa na kiharusi, sasa analishwa na mkewe kwa kijiko. "Na mimi bado nasomesha," akasema.

Hapo ndipo nikaomba ruhusa nimweleze jambo kuhusu kile kidonge. Aliponiruhusu, nikamwambia zipo dawa za presha zisizokojoza. Akarudi kwa daktari siku hiyohiyo, akabadilishiwa. Chumvi sikuigusa. Iliniuma, lakini niliiacha.

Mtaniambia foleni ina watu 60. Ni kweli. Mazungumzo yale yalichukua kama dakika nane. Mahubiri yangu yalichukua tano, kila mwezi, miaka miwili. Pigeni hesabu. Sisemi mazungumzo ya namna hii yanafaa kila mahali. Anayetapika damu humuulizi namba. Wala si hila ya kumburuta mtu kwa sauti laini, maana wagonjwa wetu hila wanainusa wakiwa bado kwenye benchi. Wapo watakaokusikiliza vizuri, wakueleze yote, na sigara wasiiache. Mwezi ujao utawapokea vilevile.

Haya, geukianeni wawili wawili. Mmoja achague jambo lake la kweli analotaka kulibadilisha, lisiwe zito sana. Mwenzake ana dakika tano, na haruhusiwi kusema "inabidi".