Jeli ya Bamia na Pomadi ya Mise: Kutengeneza Vipodozi vya Nywele Nyumbani Bila Mazao ya Wanyama

Karibu, ndugu mtazamaji. Niko jikoni kwangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, na leo nitakuonyesha namna ya kutengeneza vitu viwili vya nywele: jeli ya kushikilia mtindo, ambayo tutaitoa kwenye bamia, na pomadi ya kulaza nywele za pembeni na kuzipa mng'ao, ambayo msingi wake ni mafuta ya mise, yaani mafuta ya kiini cha kokwa la mchikichi. Havina chochote kitokanacho na mnyama, na karibu kila kinachohitajika utakipata sokoni.

Aliyenisukuma kwenye kazi hii ni binti wa dada yangu, ambaye ameacha kutumia mazao ya wanyama, si mezani tu bali hata katika vipodozi. Siku moja alikuja na makopo yake yote ya nywele, tukakaa barazani tukisoma maandishi madogo yaliyo nyuma. Tulikuta lanolini, ambayo ni mafuta ya sufu ya kondoo; tulikuta keratini, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye kwato, manyoya au sufu; na karibu kila pomadi ilikuwa na nta ya nyuki. Nta ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu sisi wa reli hii tuna majirani wa Tabora, ambako asali na nta ni mali ya kila siku, na pomadi niliyofundishwa tangu usichana ilianza na kipande cha nta. Kuiacha kulinilazimu nifikiri upya kitu gani kitaifanya pomadi isiyeyuke katika joto letu la mchana.

Kabla hatujawasha jiko, naomba uelewe jambo moja ambalo kazi yote ya leo imesimama juu yake. Jeli ina maji, na pomadi haina maji. Penye maji, bakteria na ukungu huota upesi, kwa hiyo jeli ya nyumbani tunaitendea kama uji: inatengenezwa kidogo, inahifadhiwa kwenye baridi, na ikichacha inamwagwa. Pomadi ya mafuta matupu huweza kukaa kwa miezi, mradi tone la maji lisiingie. Mara ya kwanza nilipopika jeli sikulijua hilo. Nilipika lita nzima, nikaiweka dirishani kwa fahari ili kila apitaye aione, na siku ya tatu nilipofungua kifuniko nilikutana na povu na harufu ya togwa lililopitiliza.

Tuanze na vyombo. Chukua chupa mbili za kioo zenye mdomo mpana, zile za jemu zinafaa sana, uzioshe kwa sabuni, kisha uzichemshe kwa dakika 10 pamoja na kijiko utakachotumia. Zitoe, uzipindue juu ya kitambaa safi, uziache zikauke zenyewe bila kuzifuta. Sufuria iwe ile ambayo haijapikiwa dagaa hivi karibuni, na hilo nalisema bila mzaha, kwa sababu mafuta na ute hushika harufu upesi, na harufu ya dagaa wa Tanganyika, ambayo hapa nyumbani tunaipenda, haimfai mtu anayekwenda harusini.

Sasa tazama hapa mezani. Nina bamia changa gramu 200, ambazo ni kama 15 za ukubwa wa kidole, na maji safi nusu lita. Chagua bamia inayovunjika ncha kwa urahisi, kwa maana iliyokomaa ina nyuzi nyingi na ute mchache. Zioshe zikiwa nzima, ukate vikonyo, kisha uzikatekate kwa vipande vyembamba. Ukizikata kwanza ndipo uzioshe, ute unaoutafuta utaondoka na maji.

Weka vipande ndani ya sufuria pamoja na maji, uinjike kwenye jiko la mkaa lenye moto wa wastani. Yakianza kuchemka, punguza makaa ili yatokote polepole kwa dakika 10 hadi 12, huku ukikoroga mara kwa mara. Usiache chungu kikachemka kwa fujo kwa nusu saa ukidhani ute utaongezeka, kwa sababu moto mwingi huuvunjavunja na jeli hugeuka maji. Dalili ya kutosha ni hii: inua mwiko, na kinachodondoka kisidondoke kama maji, bali kivutike kama uzi mrefu kabla ya kukatika.

Hapa najua mpishi wa mlenda atataka kuniuliza kwa nini siongezi magadi, kwa kuwa kila mtu aliyelelewa jikoni anajua kwamba magadi hukoleza ute. Ni kweli, huukoleza. Lakini magadi ni alkali, na alkali huinua magamba madogo yanayofunika unywele, ukabaki mkavu, mkwaruzo na rahisi kukatika. Ngozi ya kichwa na unywele vinapenda uchachu kidogo. Kwa hiyo magadi tuyaache kwenye mlenda. Vilevile, usikimbilie upande wa pili ukaminya ndimu nzima ndani ya sufuria, kwa sababu uchachu mwingi hukata ute, na ndiyo maana wasiopenda bamia inayoteleza huipika na nyanya nyingi au ndimu.

Epua, na uchuje ingali moto, kwa kuwa ikipoa huwa nzito na kuchuja kunakuwa adhabu. Kitambaa cha kawaida hufanya kazi, lakini mimi natumia soksi ndefu ya nailoni ya kike, mpya, iliyochemshwa. Tandaza mdomo wake juu ya bakuli, umimine, usubiri dakika chache mkono uweze kuvumilia joto, kisha ukamue kwa kushuka kutoka juu kwenda chini kama anayekamua tui. Utapata ute wa kijani hafifu, kiasi cha robo lita au kuzidi kidogo.

Ute ukishakuwa vuguvugu, ongeza kijiko kimoja cha chai cha glisarini, ambayo huuzwa kwenye maduka ya dawa. Glisarini inaweza kutokana na mafuta ya wanyama au ya mimea, kwa hiyo tafuta chupa iliyoandikwa kwamba ni ya mimea. Isipoandikwa, usiitumie kwa kazi hii. Kazi yake ni kuvuta unyevu na kuzuia jeli isikakamae na kupukutika. Kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba upepo unapokuwa mkavu, mimi napunguza hadi nusu kijiko, kwa sababu hewa ikikosa unyevu glisarini huweza kuuvuta kutoka ndani ya unywele wenyewe. Mwisho tia matone matano ya ndimu, si zaidi. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, huweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi, nawe hutaki mabaka kwenye paji la uso.

Mwenye mbegu za kitani, ambazo hapa hatuzipati kila siku, anaweza kupika robo kikombe cha mbegu kwa vikombe viwili vya maji kwa njia hii hii, na jeli yake hushika nguvu kuliko ya bamia. Mwenye mshubiri uani anaweza kuchanganya vijiko viwili vya nyama yake ya ndani, lakini kwanza jani lisimamishwe kwa dakika 15 ili utomvu wa manjano utiririke, kwa maana utomvu huo huwasha ngozi.

Mimina jeli kwenye chupa, bandika karatasi yenye tarehe ya leo, uiweke kwenye friji. Itumie ndani ya siku 7. Kama unataka kupika mara moja kwa mwezi, igandishe kwenye vitrei vya barafu, kisha uwe unatoa vipande viwili kila unapohitaji. Asiye na friji apike kwa bamia tatu tu, kiasi cha kutumia siku hiyo hiyo. Wengi huniambia waliongeza vitamini E au matone ya mkaratusi ili isiharibike. Vitamini E huyazuia mafuta yasichache. Bakteria walio ndani ya maji haiwafanyi kitu, na matone machache ya mkaratusi hayatoshi kuwazuia.

Tuhamie kwenye pomadi, ambayo kwangu mimi ndiyo yenye ladha ya Kigoma. Mchikichi mmoja hutupa mafuta ya aina mbili. Kwenye nyama ya tunda hutoka mawese, mekundu, ya kupikia maharage. Kwenye kiini cha kokwa hutoka mafuta ya mise, ambayo watu wengi hapa huyajua kwa sababu ya sabuni. Mawese usiyatie kwenye pomadi, kwa sababu rangi yake itahamia kwenye mto, kwenye kanga na kwenye kola ya shati. Mise nayo ina namna mbili: yaliyotolewa kwa kukaanga viini ni meusi na yana harufu ya kuungua, na yaliyokamuliwa kwa mashine bila kukaangwa ni ya manjano hafifu na harufu yake ni ya upole. Tunataka hayo ya pili. Muombe muuzaji akuonjeshe harufu, hatakasirika.

Tatizo la mise ni kwamba asubuhi yameganda, na saa saba mchana yamekuwa maji. Hapo ndipo nta ya nyuki ilipokuwa ikitusaidia, na badala yake sasa tunatumia siagi ya kakao, ambayo huanza kuyeyuka ikikaribia joto la mwili. Hakikisha umenunua siagi yenyewe, siyo losheni yenye jina hilo. Siagi halisi ni ngumu kama kipande cha sabuni, ina rangi ya manjano iliyopauka, na hunukia chokoleti.

Pima gramu 60 za mafuta ya mise na gramu 40 za siagi ya kakao iliyokatwakatwa. Weka kwenye bakuli la kioo au la chuma, ulikalishe juu ya sufuria yenye maji yanayotokota, bila kitako cha bakuli kugusa maji. Koroga mpaka kila kipande kiyeyuke, kisha uliondoe mara moja na kufuta unyevu wote ulio chini yake, ili tone lolote lisiteleze na kuingia ndani.

Sasa kalisha bakuli hilo ndani ya beseni la maji baridi na uendelee kukoroga bila kupumzika. Siagi ya kakao ikiachwa ipoe polepole hufanya chembechembe kama mchanga, na hakuna anayependa kupaka mchanga kichwani. Mchanganyiko utakapoanza kuwa mzito kama uji wa mtoto, nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha wanga laini wa muhogo uliochekechwa, huku ukikoroga. Ukiutia mapema, mafuta yakiwa bado mepesi, utazama wote chini. Wanga hupunguza ule mng'ao wa mafuta kupita kiasi na kuipa pomadi mshiko kidogo. Ninaposema wanga, sisemi unga wa ugali. Unga wetu wa muhogo uliovundikwa una nyuzi na una harufu yake, tamu mezani, siyo kichwani. Wanga ni ile mashapo meupe yanayotuama chini ya maji baada ya kukwaruza muhogo mbichi, kuuosha na kuuchuja. Mwaga maji, uyaanike mashapo yakauke kabisa, kisha uyasage.

Jaza kwenye chupa iliyokauka na uiache wazi mpaka ipoe kabisa, kwa sababu ukifunika ikiwa na joto jasho litaganda chini ya kifuniko na kurudi ndani kama maji. Kesho yake saa nane mchana ifungue. Ikiwa imelegea mno, iyeyushe tena na kuongeza gramu 10 za siagi. Ikitunzwa mbali na jua na kuchotwa kwa kidole kikavu, hukaa miezi mitatu bila shida.

Kabla ya kupaka kichwani, paka kidogo cha kila kimoja upande wa ndani wa kiwiko, usubiri saa 24. Ngozi ikiwasha au kuvimba, acha. Kisha changanya tone la jeli na chembe ya pomadi nyuma ya kiganja. Vikiacha vipunje vyeupe, ujue umechukua pomadi nyingi mno, na vipunje hivyo ndivyo vitakavyoonekana kama mba kwenye mistari ya nywele.

Jeli hupakwa kwenye nywele mbichi zilizooshwa, fungu kwa fungu, ukichana kutoka ncha kwenda kwenye shina. Kama unasuka twende kilioni, paka kila mstari unapoufikia, siyo kichwa kizima kwa pamoja, kwa sababu mstari wa mwisho utakuwa umekauka kabla mkono haujaufikia. Funga kitambaa mpaka zikauke. Baada ya hapo, chukua pomadi kiasi cha punje ya harage, uisugue viganjani iyeyuke, upitishe pembeni na kwenye kisogo tu. Iweke mbali na paji la uso, kwa sababu mafuta haya huziba vinyweleo na kuleta chunusi.

Na yale makapi ya bamia yaliyobaki kwenye soksi, kwa kuwa hatukutia kitu chochote ndani ya sufuria zaidi ya maji, bado ni chakula. Yangu yameshaingia kwenye chungu cha maharage.