Siku Mbili Praha: Mambo ya Kumaliza Kabla ya Ijumaa

Habari za jioni, ndugu zangu. Nyote mnakaa hapa Leipzig, wengine kwa masomo, wengine kwa kazi, na marafiki wakipata wikendi ya bure, Praha, mji mkuu wa Ucheki, hutajwa mapema. Ni karibu na ni mji mzuri mno. Safari yake, hata hivyo, huvurugwa na mambo mawili, pasi na pesa, na yote mawili yanamalizika kufikia Jumatano kama mtakaa chini pamoja.

Nianze na pasi. Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inakuruhusu kwenda nchi nyingine za Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa kawaida mipakani, kwa siku 90 ndani ya kila siku 180, ila uwe na pasi halali mkononi. Kadi peke yake haitoshi. Mtu husikia kwamba Schengen haina mipaka, akaiacha pasi kabatini. Tangu tarehe 16 Septemba 2024 Ujerumani inakagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, kwa hiyo mnaporudi Jumapili jioni polisi wanaweza kupanda treni au kusimamisha basi. Hata kabla ya hapo, hoteli itaiulizia pasi, maana sheria ya Ucheki inaitaka iwasajili wageni kutoka nje.

Walio katika hatari zaidi ni wale ambao kadi zao zimeisha na wanangoja mpya. Ofisi ya wageni huwapa karatasi iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ifungueni muitazame ndani: ina visanduku vitatu. Kilichotiwa alama kikiwa cha kifungu cha 81 ibara ya 4, haki za kadi yako ya zamani zinaendelea, pamoja na haki ya kutoka na kurudi. Beba karatasi hiyo, kadi ya zamani na pasi, vyote vitatu. Alama ikiwa kwenye ibara ya 3, usivuke mpaka. Unaweza kutoka vizuri kabisa ukashindwa kurudi. Kwa mwenye karatasi ya namna hiyo, kundi zima libadili mji. Dresden, hukuhuku Ujerumani, ni mzuri, na hakuna atakayeachwa nyuma.

Bima ni jambo jepesi. Kadi ya bima ya umma ya Ujerumani, ukiigeuza nyuma, ni kadi ya matibabu ya Ulaya na inafanya kazi Ucheki. Wenye bima binafsi wasome mkataba wao.

Sasa njia. Tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, Deutschlandticket, inawafikisha Dresden kwa RE50, treni ya mkoa, safari ya saa moja na nusu na ziada kidogo. Haifai kwenye treni za EC (EuroCity, treni za masafa marefu kati ya nchi na nchi) zinazotoka Dresden kwenda Praha, kwa hiyo kipande hicho mnakinunulia tiketi yake peke yake. Treni hiyohiyo huuzwa na shirika la reli la Ujerumani na la Ucheki, České dráhy. Linganisheni bei kabla ya kulipa. Lipo kosa hapa linalowagharimu wengi. Mkiwa na tiketi mbili zisizounganishwa, RE50 ikichelewa mkaikosa EC, tiketi ya bei nafuu iliyofungwa kwenye treni moja imekufa, na hakuna anayewajibika kuwapa nyingine. Acheni angalau dakika 40 Dresden. Na mkishapanda EC, kaeni upande wa kushoto, kwa sababu reli inaufuata mto Elbe na maji yote yako upande huo.

Pesa sasa, na hapa nitakaa kidogo. Ucheki inatumia koruna. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa euro au koruna, chagua koruna kila mara. Ukichagua euro, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango, na hakipangi kwa faida yako. Kutoa pesa, tafuteni mashine iliyo kwenye ukuta wa tawi la benki, si ile iliyosimama peke yake kwenye kona ya watalii. Ukibadilisha pesa dukani ukagundua umepunjwa, tangu Aprili 2019 sheria inakupa saa tatu kurudi na risiti na kuuvunja mpango huo, kwa kiasi kisichozidi euro 1,000. Itunze risiti.

Baina yenu wenyewe, changeni mapema. Nauli na malazi kila mtu alipe kabla. Kisha wekeni mfuko: watu watano, euro 60 kila mmoja, ni euro 300, zishikwe na mtu mmoja. Mfuko ulipie tramu, kifungua kinywa na mlo mmoja wa pamoja, na kinachobaki kigawanywe Jumapili. Bia, zawadi na viingilio vya makumbusho kila mtu ajilipie. Msigawanye bili kwa tano pale ambapo wawili hawanywi pombe. Hao hawatalalamika mezani, ila safari nyingine hawatakuja. Mhudumu akileta hesabu, *dohromady* maana yake pamoja, *zvlášť* ni kila mtu peke yake. Na kubalianeni kabisa kwamba anayejitoa tiketi zikiwa zimenunuliwa hulipia nafasi yake.

Tiketi ya saa 24 ya usafiri wa mjini huanza kuhesabu pale inapogongwa muhuri kwenye kimashine cha njano. Mkifika Jumamosi saa sita mchana, itawafikisha saa sita ya Jumapili. Gongeni mara moja tu. Ya mara mbili huharibika. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia, na "sikujua" haipunguzi faini. Metro ikifungwa usiku, tramu za usiku zipo, na zote hukutana kituo cha Lazarská.

Kwa Waislamu, na kwa yeyote anayechagua nyama: *vepřové* ni nguruwe, *hovězí* ng'ombe, *kuřecí* kuku, *sádlo* mafuta ya nguruwe. Kwenye uwanja wa mji wa kale nyama ya kuchoma huandikwa bei ya gramu 100, na kipande unachokatiwa huwa kikubwa zaidi. Semeni uzito kabla kisu hakijashuka.

Ratiba isijae. Daraja la Charles, lililoanza kujengwa mwaka 1357, liendeeni alfajiri, kabla ya saa moja asubuhi; adhuhuri hamtaona sanamu kwa vichwa vya watu. Makumbusho ya Kiyahudi na masinagogi yake yawe Jumapili, kwa sababu Jumamosi hufungwa.

Kuna kitu kimoja ningependa kila Mswahili akitazame kwa utulivu, nacho ni saa ya Orloj ya mwaka 1410, ukutani kwa ukumbi wa zamani wa mji. Watu hukusanyika kuona sanamu za mitume wa Yesu zikipita dirishani, kila saa kamili kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano usiku, halafu hutawanyika. Ninyi bakini. Tazameni duara la nje lenye tarakimu za Kigothi: linahesabu saa kuanzia machweo. Jua likizama ni 24, na saa moja baadaye ni 1, yaani saa moja usiku, kama tunavyohesabu sisi. Tofauti ni kwamba Praha jua huzama mapema mno Desemba na kuchelewa sana Juni, kwa hiyo duara husogezwa mwaka mzima kulifuata. Pwani yetu, karibu na ikweta, lisingekuwa na kazi kubwa.

Kurudi, msipange treni ya mwisho, maana EC ikichelewa mtalala Dresden. Na kabla ya kupanda, nunueni huko Praha mkate na maziwa ya Jumatatu: maduka yao Jumapili yako wazi, na yetu hapa mtayakuta yamefungwa.