Jiji Lisilo na Mfalme: Kulisoma Jumba la Rathaus la Hamburg

Walimu wangu, wanafunzi wa usanifu majengo, na nyote mliofika jioni hii, nawasalimu.

Tazameni picha hii ya kwanza. Ni Rathaus, jumba la serikali ya jiji la Hamburg, lililofunguliwa tarehe 26 Oktoba 1897. Uso wake una urefu wa mita 111, na mnara wa katikati una mita 112. Paa ni la shaba ambayo kwa miaka imegeuka kijani. Mgeni akiliona kwa mara ya kwanza atadhani ni kasri la mfalme. Lakini Hamburg haikuwa na mfalme. Ilikuwa jamhuri ya wafanyabiashara ndani ya dola ya Kaisari, na mpaka leo ni jiji na pia ni jimbo kamili la Ujerumani. Ndiyo maana jumba hili moja limebeba serikali na bunge kwa pamoja. Ukilitazama uwanjani, upande wa kushoto ni wa bunge, Bürgerschaft. Upande wa kulia ni wa Seneti, yaani serikali yenyewe, chini ya Meya. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba kila pambo la jumba hili linajibu swali moja: jiji hili ni la nani? Na jibu lililochongwa kwenye mawe halikuwa sawa na hali halisi ya watu waliolizunguka.

Tuanze na moto. Mei 1842 nyumba za mtaa wa Deichstraße ziliwaka, na kwa siku tatu moto ukala sehemu kubwa ya jiji la kati. Watu 51 walikufa, na takriban 20,000 wakabaki bila makazi. Rathaus ya zamani ilikuwa karibu na daraja la Trostbrücke, na watawala wakafanya uamuzi mchungu: wakailipua kwa baruti wenyewe, wakitumaini kwamba pengo hilo lingeuzuia moto. Moto haukuzuilika. Jengo la karne nyingi likawa limekwisha, na jiji halikufaidi kitu. Jumba la Börse, walikokutana wafanyabiashara kununua na kuuza, lilisalimika katikati ya majivu. Nawaomba mlikumbuke jumba hilo.

Baada ya hapo Hamburg ilikaa miaka 55 bila Rathaus. Seneti ilihamia kwenye jengo lililokuwa nyumba ya yatima. Bunge nalo, kuanzia 1859, lilikutana katika nyumba ya chama cha wananchi iliyojengwa palepale ilipolipuliwa Rathaus ya zamani. Fikirieni jiji tajiri kiasi hicho, lenye bandari inayopokea meli za dunia nzima, na watawala wake wanajadili mambo ya dola katika nyumba ya yatima!

Hapa historia yao inakutana na yetu. Katika miaka hiyohiyo kampuni za Hamburg, kama O'Swald na Hansing, zilikuwa na nyumba zao za biashara Unguja. O'Swald walijipatia faida kubwa kwa kusafirisha kauri, yaani magamba ya konokono wa baharini, kutoka pwani yetu hadi Afrika Magharibi, ambako magamba hayo yalitumika kama fedha. Mwaka 1859 kijana wa familia hiyo, William Henry O'Swald, alishiriki kuufikisha mwisho mkataba wa biashara kati ya miji ya Hansa, yaani miji huru ya biashara ya kaskazini mwa Ujerumani, na Sultani wa Zanzibar. Miaka kumi baadaye aliingia katika Seneti ya Hamburg, akakaa humo mpaka 1912. Kwa hiyo alianza useneta wake katika nyumba ya yatima na akaumalizia ndani ya jumba mnaloliona. Ukiuliza fedha za kujenga jumba lile zilitoka katika uchumi wa namna gani, Unguja imo ndani ya jibu.

Na Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, ambaye Wajerumani wanamjua kwa jina la Emily Ruete, aliishi Hamburg tangu 1867, wakati jiji halina Rathaus. Mumewe, aliyekuwa mfanyabiashara wa Hamburg huko Unguja, alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu. Kwa sheria ya jiji ya wakati ule, mjane hakuachiwa peke yake mambo ya mali na wanawe, aliwekewa wasimamizi. Binti wa Sultani alikuwa raia wa jamhuri iliyojivunia uhuru, na hakuwa na sauti hata juu ya urithi wa watoto wake. Kaburi lake liko Ohlsdorf, hukohuko Hamburg.

Kwa nini ujenzi ulichelewa? Michoro haikukosekana. Shindano la katikati ya miaka ya 1850 lilishindwa na Mwingereza George Gilbert Scott kwa mchoro wa mtindo wa Gothiki, ule wa makanisa ya kale yenye matao yaliyochongoka, lakini haukujengwa. Shindano la 1876 lilikuwa na washindi kutoka Frankfurt. Nalo halikuzaa jengo. Waliobishana walibishania gharama, mahali, na sura ambayo jamhuri inapaswa kuwa nayo. Hatimaye wasanifu wa Hamburg wenyewe waliungana, saba, wakiongozwa na Martin Haller, wakaleta mchoro wao. Jiwe la msingi likawekwa Mei 1886.

Walichagua mtindo wa Renesansi, na mimi naona walichagua kwa akili. Ule ndio mtindo unaokumbusha karne ya 16, enzi ya miji huru ya Kijerumani, miji iliyojitawala yenyewe. Sasa tazameni mahali walipoliweka: mgongo kwa mgongo na Börse, jumba lile lililonusurika moto, huku ua mmoja ukiyaunganisha. Utawala na biashara vinapeana migongo kihalisi, na hakuna aliyejaribu kulificha hilo. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa kweli kuliko yote waliyoyafanya wasanifu wale.

Ardhi yenyewe ni tope la mto Alster. Jengo zima limesimama juu ya magogo zaidi ya 4,000 ya mwaloni yaliyopigiliwa chini. Gogo lililozama majini muda wote hudumu, kwa sababu fangasi wanaoozesha mti wanahitaji hewa. Hatari huja pale maji ya chini ya ardhi yanaposhuka na vichwa vya magogo vikabaki wazi. Wanafunzi, kabla ya kusifia mnara, ulizeni habari za maji yaliyo chini yake.

Rudini kwenye uso wa jengo. Kati ya madirisha wamesimama makaisari na wafalme 20 wa dola ya kale ya Kijerumani. Mtauliza, jamhuri inafanya nini na makaisari? Hamburg iliamini kwamba haki zake zilitoka kwa Kaisari Friedrich Barbarossa, katika hati ya mwaka 1189. Wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba hati hiyo iliandikwa katika karne ya 13, lakini jiji liliijenga fahari yake juu ya karatasi hiyo. Makaisari basi wapo kama mashahidi. Na juu yao zimewekwa sanamu za fadhila za raia: hekima, umoja, ushujaa na uchaji. Raia yuko juu, Kaisari yuko chini. Juu ya mlango mkuu kuna maneno ya Kilatini yanayowausia wajao wajitahidi kuulinda kwa heshima uhuru waliopatiwa na wazee wao.

Ndani, ujumbe ni uleule. Kwa desturi, Meya hashuki ngazi kumlaki mgeni, hata awe mfalme. Humngoja juu, mgeni apande. Katika ukumbi mkubwa wa sherehe, wenye urefu wa mita 46, Hugo Vogel alichora historia ya jiji, kazi iliyokamilika mwaka 1909. Husimuliwa kwamba katika picha ya kuletwa kwa Ukristo kulikuwa na kijana amepiga magoti mbele ya askofu, naye akafutwa kwa rangi, kwa kuwa mtu wa Hamburg hampigii mtu magoti.

Lakini kuna chumba kimoja ambacho kuta zake zilichongwa na watoto yatima wapatao 80, kazi ya miaka mitano. Wageni wengi hukisifu kwa uzuri wake, na ni kizuri kweli. Mimi siwezi kukipita bila kuwawazia watoto wale, ambao majina yao hayakuchongwa popote.

Na uani kuna chemchemi ya Hygieia, mungu wa afya wa Wayunani, iliyojengwa kukumbuka kipindupindu cha 1892. Zaidi ya watu 8,600 walikufa. Hamburg ilikuwa ikisambaza maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Altona, mji jirani uliokuwa ukichuja maji yake, uliumia kidogo sana. Mwaka huohuo waliokuwa wakinakshi jumba la mamilioni walikuwa wakizika watu wa vichochoroni. Chemchemi hiyo, kwa namna ilivyosanifiwa, ilisaidia pia kupoza hewa ya ndani ya jengo.

Sasa swali la jiji ni la nani. Mwaka 1906, miaka tisa baada ya ufunguzi, bunge lilibadilisha sheria ya uchaguzi ili kura ya mwenye kipato kikubwa iwe nzito kuliko ya mfanyakazi. Wafanyakazi waligoma na kujaa barabarani. Jibu la kweli lilikuja Novemba 1918, baraza la wafanyakazi na askari lilipochukua Rathaus. Machi 1919 likakutana bunge lililochaguliwa na watu wote, wanawake wakiwemo, na aliyelifungua kwa kuwa ndiye mwenye umri mkubwa alikuwa mwanamke, Helene Lange.

Miaka 14 baadaye Wanazi waliingia, wakalifunga bunge, na uwanja wa mbele wakaupa jina la Hitler. Nje ya jumba palikuwa na mnara wa 1931 wa kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wenye mchongo wa Ernst Barlach, mama anayeomboleza akiwa na mtoto. Wakauondoa mchongo huo, wakaweka tai. Mchongo ulirudishwa mwaka 1949. Mabomu ya 1943 yaliunguza mitaa mizima, Rathaus ikabaki imesimama, na tarehe 3 Mei 1945 jiji likakabidhiwa kwa Waingereza hapohapo.

Tangu 2010 Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada, kwa hiyo baadhi yenu huenda mkafika huko kimasomo. Mkifika, anzieni upande wa kushoto, kwenye bunge, ambako kuna viti vya wananchi wanaokuja kusikiliza. Kaeni hapo kwanza, ndipo mpande kwenye kumbi za Seneti.

Nakaribisha maswali.