Pembe Hazilingani? Tafuta Kosa Kabla ya Kugusa Kina cha Mashine

Umekunja vipande kumi vya bati kwenye mashine ya kukunja, kwa mpangilio uleule. Cha kwanza kina digrii 90, cha nne 91 na nusu, cha saba 89. Hapo wengi wetu hukimbilia kompyuta ya mashine: ongeza kidogo kina, yaani umbali ambao panchi, ile ya juu inayokandamiza bati, inashuka; punguza, ongeza tena. Zamu ikiisha, hakuna anayekumbuka tulianzia wapi. Leo kompyuta tunaiacha kwanza.

Chukua kipande kimoja kirefu ulichokwisha kukunja. Pima pembe kushoto, katikati na kulia, na uandike kwa chaki juu ya bati lenyewe. Sasa vichukue vile vingine, uvipime katikati tu. Tunatenganisha mambo mawili: pembe inabadilika ndani ya kipande kimoja, au kati ya kipande na kipande?

Ikibadilika ndani ya kipande, shuku mashine na vifaa vyake. Katikati pakiwa wazi kuliko pembeni, mhimili wa juu unaoshika panchi na meza ya chini vinapinda kidogo vikibeba mzigo. Rekebisha mwinuko wa katikati wa meza. Upande mmoja ukizidi, zima mashine, toa dai, ile ya chini yenye mfereji wa V, kisha futa pale inapokaa. Kipande kidogo cha chuma kilichonasa chini yake kinatosha kukuharibia siku. Ukishasafisha na tatizo likabaki, ndipo uangalie kama mhimili unashuka sambamba pande zote mbili.

Pitisha na kidole kwenye mabega ya dai, kingo mbili za juu za ule mfereji, mashine ikiwa bado imezimwa. Kazi fupi tunazifanyia palepale katikati miaka yote, kwa hiyo hapo ndipo panapolika. Hutagundua mpaka ije kazi ndefu.

Ikiwa kila kipande kiko sawa ndani yake ila havifanani, geukia bati. Pima unene wa kila kimoja kwa mikromita, usiamini kilichoandikwa kwenye lebo. Bati la milimita 2 kwenye mfereji wa V wenye upana wa milimita 16, tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita katika kina inasogeza pembe zaidi ya nusu digrii, na tofauti ya unene inakuchezea kwa namna hiyohiyo.

Halafu swali ambalo watu husahau: vipande vilikatwaje? Aliyepanga ukataji ili kuokoa bati huenda alivigeuza vingine. Bati lina mwelekeo liliposukumwa kiwandani, na likikunjwa kufuata mwelekeo huo halirudi nyuma (kujifungua kidogo panchi ikiinuka) sawa na likikunjwa kuukata. Weka alama ya mshale kabla ya kukata. Usichanganye pia mabati ya mizigo miwili tofauti. Chuma cha pua hasa kinarudi nyuma zaidi ya chuma laini.

Hakikisha pia bati linagusa geji ya nyuma, kile kizuizi cha kulipanga nyuma ya dai, kwa pointi zote mbili, na kipande kirefu kinashikiliwa mbele kisining'inie.

Sasa iguse kompyuta. Mikono iwe mbali na panchi. Badilisha kina kwa sehemu mbili za mia za milimita, kunja kimoja, pima, andika, halafu kingine.