Tabu Inayoenea Kiganjani

Asanteni. Naomba taa za mbele zizimwe, za nyuma ziachwe. Hapo hapo.

Mnachokiona ukutani ni gemu. Najua hakifanani na gemu. Ni kama karatasi tupu yenye mistari myeusi kumi na kitu, na chini yake vitufe vya duara. Baadhi ya mistari ina ncha iliyojipinda kama ndoana, mingine ina kitanzi, na ukikaza macho utaona mmoja umepita ndani ya kitanzi cha mwenzake. Hakuna neno hata moja la maelekezo. Hakuna saa inayohesabu kurudi nyuma, hakuna sarafu zinazometameta pembeni. Linaitwa Hook, kazi ya Maciej Targoni wa Poland, na lina hatua 50 tu. Jioni moja unalimaliza na bado unawahi taarifa ya habari.

Shikamoo mama, wewe wa safu ya pili. Naomba unisaidie. Wajukuu ndio wanaocheza, wewe hujawahi? Basi wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta. Njoo ushike hiki kipanya, ubonyeze kitufe chochote.

(Anabonyeza. Mstari unaanza kuchomoka, unagonga mwenzake. Kicheko ukumbini.)

Msimcheke, mimi pia nilianza hivyo hivyo. Mama ameona sasa: mstari huu hautoki mpaka ule ulioupitia utoke kwanza, na ule nao umezuiwa na mwingine kule juu. Aliyewahi kumfumua mtoto nywele zilizosukwa anaijua shughuli hii. Ukivuta popote, unakaza. Lazima uutafute uzi ulipoishia. Mama, usirudi kukaa. Vuta kiti, endelea kutazama polepole, mimi naendelea na hawa. Ukiona njia, bonyeza tu, usiniombe ruhusa.

Jambo lililonileta hapa ni la ajabu kidogo. Mtu ametoka kazini, kichwa kinawaka, mgongo unauma. Anajitupa kwenye kochi, anachukua simu, na badala ya kufumba macho anajitafutia kazi nyingine: kupanga vipande, kuunganisha nukta, kuchomoa mistari iliyokwama. Akimaliza anasema amepumzika. Amepumzikaje, wakati amefanya kazi tena?

Jibu langu nililiona zamani, kabla sijawa na simu, kwenye baraza la bibi yangu. Bibi alikuwa na ungo wake. Jioni mama mdogo akija na maneno mazito, ya madeni au ya ndoa, bibi alikuwa anamwambia, "Ngoja kwanza niweke ungo mapajani." Kisha anamwaga mchele, anausambaza kwa kiganja, na vidole vinaanza: jiwe huku, mpunga kule, mdudu anapulizwa. Alisikiliza huku anachambua. Mchele ulipoisha, uso wake ulikuwa umetulia kuliko alivyoanza, ingawa madeni yalikuwa yale yale.

Angalieni alichokuwa nacho kwenye ungo. Tabu yote ilikuwa mbele ya macho yake, hakuna jiwe lililojificha chumba cha pili. Kila jiwe lililotolewa lilikuwa limetoka, halirudi kesho na riba. Na ungo una kingo. Tabu za maisha hazina sifa hizo hata moja, na ndiyo maana zinachosha. Kwa hiyo ninapoona gemu lenye mistari kumi na kitu kwenye ukurasa mtupu, naona ungo. Kinachotuliza ni tabu iliyopunguzwa mpaka ikaenea kiganjani.

Wazo hili la kupunguza lilianzia kwenye uhaba. Mwaka 1984, Moscow, Alexey Pajitnov alikuwa mtaalamu kwenye kituo cha kompyuta cha Chuo cha Sayansi cha Kisovieti. Alipenda mafumbo ya mbao yanayoitwa pentomino, ambayo kila kipande kina miraba mitano. Akapunguza hadi miraba minne, akabaki na maumbo saba. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuwa na uwezo wa kuchora picha, kwa hiyo vipande vyake alivitengeneza kwa mabano ya kuandikia. Mabano! Hiyo ndiyo Tetris, gemu la kupanga maumbo yanayoanguka kutoka juu. Hakukaa akasema "ngoja nifanye sanaa ya uchache". Alitumia alichokuwa nacho. Wanaokuja baada yake ndio waliochagua uchache kwa hiari, wakati kompyuta zao zingeweza kuwachorea kila jani la mti.

Tetris yenyewe siiiti ya kutuliza, kwa sababu inakukimbiza. Lakini imetufundisha jambo kuhusu kichwa cha binadamu. Mwaka 2000 Robert Stickgold wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti: watu waliocheza Tetris siku kadhaa, wakianza kusinzia waliona maumbo yakianguka. Wapo waliokuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hata mchezo wenyewe hawakukumbuka kuwa waliwahi kuucheza, na baadhi yao waliyaona pia. Kisha mwaka 2017 ukachapishwa utafiti wa hospitali moja ya Oxford, kwa watu 71 waliofikishwa pale baada ya ajali za barabarani. Waliokumbushwa tukio kisha wakacheza Tetris saa chache baada ya ajali, wiki iliyofuata picha za ajali ziliwarudia kwa nguvu mara chache zaidi, chini ya nusu ya wenzao ambao hawakucheza.

Watafiti walikuwa na sababu ya kuchagua gemu badala ya, tuseme, gazeti. Kupanga maumbo kunatumia sehemu ile ile ya fikra inayoshika picha. Mimi nalisoma hivi: macho ya ndani yana kiti kimoja. Akikaa mstatili, picha nyingine inasimama mlangoni. Kutoka ajali mpaka bili ya maji ni mbali, na hilo la bili ni langu, si la Oxford. Ila nimelijaribu mwenyewe mara nyingi: redio haiwezi kuniondolea wazo linalonizunguka saa sita usiku, na mistari kumi inaweza.

Mama, vipi? Bado? Hakuna haraka.

Wengi hudhani kitu kidogo kimetengenezwa haraka. Februari 2014 lilitoka gemu linaitwa Threes, la Asher Vollmer na Greg Wohlwend. Uwanja wake ni miraba minne kwa minne. Unasukuma namba: moja na mbili zinakuwa tatu, tatu na tatu zinakuwa sita, sita na sita kumi na mbili. Mtoto wa darasa la tatu analielewa kwa dakika moja. Limewachukua miezi kumi na minne. Baadaye walitoa barua pepe walizokuwa wakiandikiana, na humo unaona walivyotangatanga. Kuna wakati namba zilivishwa mavazi mengine kabisa, mpaka supu ya brokoli na jibini. Miezi hiyo yote walikuwa wanarudi walikotoka: namba tupu kwenye vigae. Mwezi uliofuata kijana wa Kiitalia mwenye miaka 19, Gabriele Cirulli, akatoa 2048, gemu la namba linalofanana sana na Threes, aliyoitengeneza wikiendi moja, bure, na dunia nzima ikacheza hiyo. Sitaki kuingia kwenye ugomvi wao. Nimecheza yote mawili na Threes ni tamu zaidi kwa mbali, basi.

Tuje kwenye linalonigusa zaidi. Ndugu wawili wa New Zealand, Peter na Robert Curry, waliingia mwaka 2013 kwenye shindano la kutengeneza gemu kwa siku chache. Mada ya shindano ilikuwa usahili. Wakaazima wazo la Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme ambaye ramani yake ya treni za chini ya ardhi za London ilitoka 1933. Beck aliachana na umbali halisi, akanyoosha njia zote, akabakiza kile abiria anachohitaji: kituo gani kinafuata, na ninabadilishia wapi. Ndugu hawa waliifanya ramani ile ichezeke, ikawa Mini Metro. Vituo ni duara, pembetatu na mraba. Abiria ni vijiduara, vijipembetatu na vijimraba. Kila mmoja anataka kufika kwenye umbo linalofanana naye. Unavuta njia ya rangi kwa kidole, treni inateleza, na muziki unatokana na unachokifanya.

Halafu wakatengeneza Mini Motorways, ya barabara. Na humo, kati ya miji ya dunia, wameweka Dar es Salaam.

(Makofi.)

Ndiyo, pigeni. Mimi nililigundua nikiwa kwenye foleni ya Kimara. Mpwa wangu alikuwa na iPhone, mimi ni mjomba wa simu ya kawaida, akanipa. Zinatokea nyumba ndogo za rangi, linatokea jengo la rangi hiyo hiyo upande wa pili, nawe unachora barabara kuziunganisha. Magari yanatoka, yanakwenda, yanarudi. Kila wiki unaongezewa vipande vya barabara na kitu kingine cha kuchagua, labda daraja, labda mzunguko. Hakuna bodaboda wala daladala, jambo ambalo kwa mtu wa Dar ni kosa la jiografia. Lakini nilipokosea, nilifuta barabara kwa kidole na vipande vyake vikarudi mkononi mwangu. Hakuna fidia, hakuna nyumba iliyochorwa X nyekundu ukutani. Nje ya dirisha basi lilikuwa halijasogea kwa dakika ishirini. Nilikuwa nimefungiwa Dar moja huku nikiipanga nyingine, na naapa nilikuwa nimetulia.

Gemu hilo halina ushindi. Mwisho wake ni magari kuzidi, kila mara. Na bado halinipandishi presha, kwa sababu likikwama halinidai kitu.

Hapo ndipo natofautisha. Siku hizi kila gemu la vipande linajiita la kutuliza. Unalipakua, unacheza hatua tatu, tangazo la sekunde thelathini linalomeza bando lako. Unakosea mara tano, unaambiwa roho zimeisha, subiri nusu saa au lipa. Saa nne usiku simu inatetemeka: "Tumekukumbuka!" Huyo si ungo, huyo ni mkopeshaji. Rangi zake laini na kinanda chake cha polepole ni kanzu tu aliyovaa.

Wazee wetu walijua tofauti hiyo, kwa sababu walikuwa na michezo ya aina zote mbili. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, na ukitazama kwa mbali ni uchache mtupu: ubao na mbegu. Lakini kaa karibu na wachezaji usikie maneno. Watazamaji wanazomea, mwenye kuliwa anachekwa mpaka msikitini. Ni raha kubwa, ila si ya kutuliza. Na kwenye kitendawili, ukishindwa unaambiwa "nipe mji". Unatoa mji mzima, na mwenzako anakwenda kuutawala kwa maneno mbele ya watoto wote wa mtaa kabla hajakupa jibu. Hook haikuombi mji. Umekwama, unakaa na kukwama kwako, hakuna anayejua. Nadhani hiyo faragha ya kushindwa ni nusu ya utamu wake, na kwa mtu ambaye mchana kutwa amesahihishwa na bosi, labda ni zaidi ya nusu.

Kuna kijana ameniandikia swali hapa kabla hatujaanza: je, huku si kupoteza muda? Kijana, bibi yangu angeweza kununua mchele uliochambuliwa, na duka la Mpemba lilikuwa nyumba ya tatu...

(Sauti kutoka mbele: "Nimeuona!")

Mmemsikia? Mama, usiseme ni upi. Geuzeni macho ukutani wote. Bonyeza.